Birika la Maji ya Moto

Pampu ilijiwasha baada ya sala ya alasiri, na Bi Nasima hakuwa amemwaga hata kata moja ya maji tangu asubuhi. Aliisikia ikinguruma chini ya kifuniko, ikavuta, kisha ikanyamaza. Akaendelea kuchambua mchele. Anayeishi peke yake hujifunza kutoshtuka, la sivyo atashtuka kutwa nzima na hana wa kumwambia.

Nyumba yake pale Mkunazini ilikuwa na ghorofa tatu, zote tupu. Magoti yalipoanza kumgomea alihamia chumba cha chini kabisa, kilichozama hatua tano chini ya njia. Choo cha huko hakikuweza kupeleka maji machafu kwenye bomba la mtaa, maana bomba lilikuwa juu yake. Ndipo mwanawe wa pekee, Haitham, akatuma pampu kutoka Dubai. Kutuma vitu alikuwa hodari. Kuja mwenyewe ndiko kulikomshinda, mwaka wa saba sasa. Fundi Machano alichimba shimo, akatia pipa na pampu ndani yake, akamwonesha boya: maji yakijaa boya hupanda, pampu ikajiwasha, yakipungua hushuka, ikajizima.

"Na kila Ijumaa, Bi Nasima, mimina birika la maji ya moto, mafuta yasigande."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tangu utotoni alijua kwamba maji ya moto hayamwagwi shimoni bila ya kusema Bismillahi, ili wenye kukaa humo wapishe. Lakini Ijumaa iliyopita aliinamisha birika huku simu iko sikioni, Haitham akimwambia kuwa Idi hii pia hatokuja. Alimimina lote, kimya, roho inamuuma. Chini kikasikika kilio chembamba cha mtoto, mara moja tu. Alijiambia ni paka wa uchochoroni.

Machano alipoitwa kuitazama pampu alifungua kifuniko, akachungulia, akarudi nyuma.

"Boya liko chini, pipa kavu. Kaiwasha nani?" Akanusa. "Na mbona pananukia udi?"

Hakutaka kugusa tena. Alikwenda mwenyewe kumleta Mwalimu Abrahman, anayesomea watu wenye mashetani. Mwalimu alipiga magoti kando ya shimo, akasoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akanong'ona.

"Umemuunguza mtoto wao, Bi mkubwa. Wenzake washahama, wamemwacha. Sasa atakuita. Siku tatu usimwitikie. Akiita kwa sauti ya yeyote, usiseme naam. Siku ya nne atakuwa keshaondoka."

"Na nikimwitikia?"

"Umemkubali awe wako. Na hao hawagawani mama."

Siku ya kwanza shimo lilimwita kwa sauti ya jirani. Siku ya pili lilimwita kwa sauti ya marehemu mumewe, naye akauma upindo wa kanga mpaka ikapita. Siku ya tatu, alasiri, pampu ilinguruma ikanyamaza, udi ukajaa chumba kizima, na kutoka chini ya kifuniko ikaja sauti ya Haitham, si Haitham wa simu bali yule wa miaka minne, aliyekuwa akilala ubavuni mwake, ikisema Mama, mgongo unauma, Mama, huku chini baridi, naye akaziba masikio, akapanda hatua zote tano mpaka mlangoni, akashika komeo, akasikia watu wakipita njiani na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakuja kwake, akafikiri kwamba kesho hata shimo litanyamaza, na nyumba yote itanyamaza, na yeye ndani yake.

"Mama?"

"Naam, mwanangu," alisema Bi Nasima, akashuka.

Asubuhi Machano alikuja na mfuko wake wa vifaa.

"Shikamoo, Bi Nasima."

"Marahaba. Sema polepole, kalala."

Kifuniko kilikuwa wazi. Kitandani, chini ya kanga, kitu kidogo kilijikunja, na godoro lilidondosha maji sakafuni.

"Nani huyo?" aliuliza Machano.

"Nimempaka asali usiku kucha. Inamsaidia."

Fundi alipanda ngazi kinyumenyume, akaacha mfuko pale pale. Bi Nasima alimwona hana adabu. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kupika uji kwa ajili ya mtu.

Simu ikalia. Alipoinyooshea mkono, mkono mwengine ulitoka chini ya kanga ukamshika kifundo cha mkono, umelowa, vidole virefu kuliko vya mtoto yeyote. Akaipokea kwa mkono wa pili.

"Mama," alisema Haitham, anacheka. "Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa. Nshakata tiketi. Nnakuja Ijumaa."

Miaka saba aliyangoja maneno hayo. Alifungua kinywa amwambie asije, na vidole vikambana mpaka mfupa ukalia.

"Mama," kiliuliza kitu kilicho chini ya kanga, kwa sauti ile ile ya Haitham, "nani huyo anayekuita mama?"