Kukimbia Bila Kukimbizwa

Gaudence alikuwa mtu wa kukaa. Asubuhi alikaa kwenye teksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka Bellevue mpaka mjini. Mchana kutwa alikaa juu ya kreti kule Marshalltown, akiuza mikanda, soksi na kofia za baridi kwa watu wa maofisini. Jioni alikaa tena kwenye teksi, kisha kitandani, kwa kuwa chumba chake hakikuwa na nafasi ya kiti. Ukimwuliza, angekuambia amekwisha kutembea vya kutosha. Alitoka Burundi hadi Johannesburg, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa kwa miguu.

Mwaka ule wa 2003 baridi ilikuja na kiburi. Nyasi za bustani zilikauka, na moshi wa makaa ulitanda juu ya mapaa tangu alfajiri. Siku moja, bibi aliyeuza karanga kando ya Gaudence alianguka pale pale kwenye meza yake. Wote walimwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Ilikuwa presha, na presha ilileta kiharusi. Gogo hakurudi tena barabarani. Walisema upande mmoja wa mwili wake hausogei, na maneno hayamtoki.

Gaudence naye alikuwa na presha. Aliogopa, akaenda kliniki na binti yake Bijou, mwenye miaka kumi na miwili. Nesi alimfunga kipimo mkononi, akapima, akapima tena, akatikisa kichwa. Akazungumza na Bijou kwa Kizulu. Bijou alikisema Kiswahili kwa taabu, lakini siku hiyo alijitahidi.

"Anasema vidonge peke yake havitoshi," Bijou alisema. "Upunguze chumvi. Unakaa sana. Utembee kwa nguvu, au ukimbie kidogo kidogo." Kisha akauliza, "Mama, ukianguka kama Gogo, mimi nitakaa na nani?"

Baba yake Bijou walipotezana naye njiani, huko Zambia, na hawakusikia habari zake tena. Katika mji ule mkubwa Bijou hakuwa na shangazi wala mjomba. Swali la mtoto lilimchoma mama usiku kucha.

Basi asubuhi iliyofuata alijifunga kitenge, akavaa kandambili, akatoka. Nesi alisema kukimbia, naye akakimbia. Lakini alikimbia namna gani? Alikimbia kwa namna moja tu aliyoijua, yaani mguu niponye. Alichomoka kama mtu aliyesikia risasi, huku akigeuka nyuma kila mara. Alipita vibanda vya spaza, vile viduka vya mtaani, akafika barabara kuu kwenye roboti, yaani taa za kuongoza magari, akageuza. Kifua kilikuwa kinawaka. Macho yalimtoka.

Nyumba aliyoishi ilikuwa kubwa na ya zamani, imegawanywa vyumba vingi, na wapangaji karibu wote walikuwa wakimbizi wenzake. Bakiri, Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, alikuwa uani akichemsha maji. Alimwona Gaudence akija mbio, kitenge kimemlegea, anatazama nyuma. Bakiri hakuuliza. Aliacha maji, akambeba mwanawe mchanga, akamwambia mkewe afunge lango. Katika muda mfupi watu walijaa ukumbini wakiwa na vifurushi vyao. Mama mmoja alikuwa amebeba sufuria lenye uji wa moto. Gaudence alipiga lango akaingizwa. Wakamwuliza hao wanaomkimbiza wamefika wapi, na wako wangapi. Hakuwa na pumzi ya kujibu, na kule kutojibu kukawathibitishia yote.

Bijou ndiye aliyesema kwamba mama alikuwa akifanya mazoezi.

Hakuna aliyecheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba ile nzima ilikuwa ya walioumwa. Bakiri aliketi sakafuni na mtoto wake. 

"Mama Bijou," alisema taratibu, "sisi tukiona mtu mzima anakimbia, tunafunga mlango. Siku ingine utuambie."

Gaudence aliona aibu iliyomfikia mifupani. Aliingia chumbani, akalia, akaapa hatakimbia tena.

Habari haina miguu, lakini jioni ile ilivuka barabara ikamfikia Paulina. Paulina alikuwa Mtanzania wa Morogoro. Aliolewa huko na mkimbizi wa kisiasa wa Afrika Kusini, na nchi ilipopata uhuru wakarudi wote kwa kina mumewe. Alikuwa na kisukari. Miaka mitatu nyuma alijiunga na kikundi cha kukimbia cha akina mama wa kanisani kwake, na tangu hapo hakuna aliyepona maneno yake juu ya mbio. Alikuja na chai ya tangawizi ndani ya chupa, akaketi kitandani.

"Nimesikia umefukuza mtaa mzima," alisema.

Gaudence hakutabasamu. Alimweleza kwamba kukimbia si kitu chake. Mara ya mwisho kukimbia ilikuwa mwaka 1993, vita vilipozuka Burundi, akiwa na Bijou mgongoni. Mama yake alikuwa nyuma. Miguu ya mama ilikuwa mibovu.

"Aliniambia, tangulia, nakuja," Gaudence alisema. "Nikatangulia. Nilipogeuka, sikumwona. Mpaka leo, nikikimbia, niko nageuka."

Paulina aliweka chupa ya chai chini. Alimshika mkono. Hakusema kwamba yatapita, kwa maana hakujua kama yatapita.

"Ile ilikuwa kukimbizwa," alisema mwishowe. "Kukimbia hujaanza bado. Nesi amekuruhusu?"

"Amesema kidogo kidogo."

"Na wewe ukaenda kama swala. Mwenda pole hajikwai, mama. Wiki hizi za kwanza tutatembea tu, kwa haraka, mikono ikicheza. Mwili ukizoea, tutakimbia nguzo moja ya taa, tutembee nguzo mbili. Na tutakuwa tunapiga soga. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo. Ukishindwa kuongea, umezidisha, punguza."

"Hiyo ni mbio gani?"

"Ndiyo mbio ya mtu anayeanza. Na siku ya pili unapumzika, mwili ujijenge. Vidonge usiache hata siku moja. Kifua kikibana, au ukisikia kizunguzungu, unasimama hapo hapo, tunakwenda kliniki."

Paulina alitazama zile kandambili kando ya kitanda, akaguna. Jumamosi walikwenda kwenye mitumba wakapata raba zilizochakaa kidogo, lakini soli yake ilikuwa nene na vidole vilipata nafasi. Paulina alimpa pia fulana ya kikundi chao, ya rangi ya chungwa kali. Kisha, kabla ya lolote, walipita mlango kwa mlango. Kila mpangaji aliambiwa kwamba mkimwona Mama Bijou katika fulana hii, jua limeshatoka na yuko na Paulina, basi hakuna kitu, endeleeni na chai yenu. Bakiri alisikiliza, akaishika fulana, akasema rangi ile haimfai mtu anayejificha. Alionekana ameridhika.

Walianza. Mwanzoni hapakuwa na raha yoyote. Baridi ilikata masikio, vumbi lilikuwa kavu, na wanaume waliosimama barabarani waliwatania. Ilipofika zamu ya nguzo ya kwanza, Gaudence alikwenda mbio tena bila kujua, shingo ikageuka. Paulina alimshika mkono na kumwuliza alipika nini jana. Ikabidi ajibu, na ili ajibu ikabidi apunguze. Maharage, alisema. Kwa chumvi au bila chumvi? Kidogo tu. Nguzo ikapita, naye hakuona imepitaje.

Ndivyo walivyoendelea, nguzo moja, kisha mbili. Siku nyingine huzuni ilimwamkia kabla yake, na siku hizo walitembea tu, wakatosheka. Lakini alianza kulala vizuri zaidi. Akigundua kwamba pumzi inarudi upesi, alishangaa kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe. Asubuhi moja ya Septemba aligundua kwamba alikuwa anaingoja kesho kutwa, siku ya mbio nyingine. Aliona haya kuifurahia, akaifurahia hivyo hivyo.

Kliniki, nesi alipima, akapima tena. Safari hii hakutikisa kichwa. Presha ilikuwa imeshuka. Alisema aendelee na vidonge, aendelee kupunguza chumvi, na asiache mbio zake. Bijou alifasiri yote, kisha akamshika mama yake kiuno mpaka walipofika nje.

Oktoba, miti ya jakaranda ilichanua. Oktoba ulikuwa mwezi mbaya kwa Gaudence, maana ndio mwezi waliokimbia. Asubuhi moja walikuwa wanapanda kilima cha kurudi nyumbani. Goti la Paulina likamuuma. Alipunguza mwendo, akapunga mkono, akasema bila kufikiri:

"Tangulia, nakuja."

Gaudence aliyasikia maneno ya mama yake. Alikwenda hatua chache kwa kuwa miguu ilikuwa inakwenda. Hakutaka kugeuka. Alijua atakachokiona, maana amekiona miaka kumi: barabara tupu.

Aligeuka.

Paulina alikuwepo. Alikuwa anapanda kilima akichechemea, fulana ya chungwa imelowa, analilaumu goti lake na serikali ya mji iliyojenga vilima. Alifika. Akamwona mwenzake analia, ndipo akakumbuka aliyosema, akajishika mdomo.

"Nisamehe, Mama Bijou."

"Hapana," Gaudence alisema. "Umekuja."

Alilia kwa ajili ya mama yake, pale pale kando ya barabara, kwa sauti. Watu walipita wakiwatazama. Alipomaliza alijifuta uso kwa fulana. Walitembea nguzo mbili, kwa ajili ya goti. Bakiri aliwaona wakiingia, akawafungulia lango.