Nyanya Anasema Anaona

Kila asubuhi Sidi alichemsha chai ya maziwa kabla ya kwenda shuleni. Wazazi wake waliondoka mapema, baba akielekea Liwatoni kwenye ghala la samaki na mama hotelini. Kwa hiyo asubuhi, katika fleti yao ndogo ya Tudor, walibaki watu wawili tu: Sidi, msichana wa miaka kumi na miwili, na nyanya yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Chengo.

Kumimina chai ilikuwa kazi ya Nyanya, na hakutaka msaada. Lakini siku hizi aliimimina kwa namna ya ajabu. Alitumbukiza kidole kikombeni, na chai ilipokigusa ndipo aliposimamisha birika.

"Nyanya, utaungua!"

"Ngozi yangu imekomaa. Wewe kunywa, usije ukachelewa."

Sidi alikunywa huku akikitazama kidole kile chekundu. Mtu anayeona ana haja gani ya kupima chai kwa kidole?

Swali hilo lilimnyima raha, na sababu yake ilianza wiki tatu nyuma. Nyanya alikuwa na presha ya macho. Kila asubuhi na jioni alitia matone ya dawa, lakini nuru ilizidi kupungua. Jumapili moja Mwalimu Morris, aliyefundisha watoto kanisani, aliwaambia kwamba anayeomba bila chembe ya shaka hupewa anachoomba. Asiyepewa, alisema, ajichunguze imani yake.

Sidi hakuwa mtu wa kufanya mambo nusunusu. Alimwambia Nyanya kwamba anafunga kwa ajili ya macho yake, na siku tatu mfululizo hakula chakula cha mchana. Alimpa Mercy, jirani yake wa dawati, aliyekula bila kuuliza maswali. Aliomba mpaka magoti yakamuuma. Jioni ya siku ya tatu alimshika Nyanya mikono yote miwili.

"Nyanya, waona?"

Nyanya aliikaza mikono ile. Kisha akasema, "Naona, mjukuu wangu. Naona kabisa."

Jumapili iliyofuata Nyanya alisimama kanisani akatoa ushuhuda. Wanawake walipiga vigelegele, na Mwalimu Morris aliuinua mkono wa Sidi juu kana kwamba ameshinda mbio. Tangu siku hiyo, chupa ya matone haikuonekana tena dirishani.

Sasa Sidi alibanwa pande zote mbili. Kama shaka huharibu maombi, basi yeye kumshuku Nyanya kungeweza kuyafunga yale macho tena! Kila shaka ilipomjia aliifukuza haraka na kuomba msamaha. Lakini asubuhi ilipofika, kidole kilikuwa kikombeni. Wageni walipobisha hodi, Nyanya hakuwasalimu kwa majina mpaka wafungue vinywa. Kama anaona, mbona anangoja sauti?

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. Aliacha sare yake ya shule kitandani, akavaa shati la manjano la baba yake, lililomfika magotini, akaenda kusimama mbele ya Nyanya.

"Nyanya, sare imenikaa?"

Nyanya alimwangalia, au tuseme aliuelekeza uso upande wake, akatabasamu. "Imekukaa vizuri sana. Mwalimu akikusifu, mwambie ni nyanya yako aliyeipiga pasi."

Sidi alirudi chumbani kubadilisha nguo. Mzaha ule ulipaswa kumchekesha, lakini ulimtia hofu, na hakumwambia mtu yeyote.

Jumamosi alitumwa Mji wa Kale. Kwa miaka mingi Nyanya alishona kwa mkono kofia zenye vitundu vidogo vidogo, na Mzee Badawi aliziuza dukani kwake. Vidole vya Nyanya viliijua kazi hiyo kuliko macho. Siku hizi alitaka msaada mmoja tu: Sidi amtungie uzi kwenye sindano kumi kwa mpigo, tano uzi mweupe na tano uzi wa kahawia, kwa kofia mbili tofauti. "Ni kuokoa wakati tu," alisema.

Sidi, na kofia mbili ndani ya mfuko uliofungwa, aliteremka kwenye tuktuk karibu na Ngome, akatembea katika vichochoro mpaka dukani.

"Shikamoo, Mzee Badawi."

"Marahaba, mwanangu. Mama Chengo hajambo? Hebu nione alichoniletea."

Mzee Badawi aliipeleka kofia ya kwanza mlangoni penye mwanga. Aliigeuza, akaigeuza tena. Uso wake ulibadilika.

"Hii kashona nani?"

"Nyanya."

"Mama Chengo? Hebu tazama."

Sidi alitazama. Vitundu vilikuwa vimepangika sawasawa, vizuri kupita kiasi. Lakini mstari mmoja ulikuwa mweupe, wa pili kahawia, wa tatu mweupe nusu na kahawia nusu. Kofia ya pili ilikuwa hivyo hivyo.

"Mkono ni wake," alisema Mzee Badawi taratibu. "Rangi ndiyo imempotea. Mwanangu, nyanya yako yuwaona?"

Sidi alifungua kinywa aseme ndiyo, asiharibu maombi. Badala yake alilia. Maneno yote yalimtoka: mfungo, ushuhuda, kidole kikombeni, shati la manjano, chupa iliyotoweka.

Mzee Badawi alimpa kiti, akamngoja atulie. "Marehemu mamangu alikuwa na maradhi hayo hayo," alisema. "Hayana maumivu. Yala nuru kidogo kidogo, na iliyokwenda hairudi. Matone hulinda ile iliyobaki. Kila siku asiyotia dawa, yaenda nyingine. Sisi tulimuombea mama usiku na mchana, na matone tulimtia. Hatukuambiwa tuchague moja."

"Lakini nikishuku..."

"Mwanangu, nyanya yako akipofuka, hatapofushwa na shaka yako. Atapofushwa na kimya chenu. Nenda nyumbani sasa hivi. Kofia chukua."

Sidi alimkuta Nyanya kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alimwekea kofia mapajani.

"Nyanya, uzi huu ni wa rangi gani?"

Nyanya alipapasa mstari kwa kidole. "Mweupe."

"Ni kahawia, Nyanya."

Nyanya alipapasa mstari mwingine, halafu mwingine, kama mtu anayetafuta pa kutokea. Mwishowe mikono ikatulia.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kidole. Na Alhamisi nilivaa shati la baba."

"Shati la Chengo? Nami nikasifu pasi yangu!" Nyanya alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Jioni ile uliponishika mikono, mikono yako ilikuwa inatetemeka kwa njaa. Mtoto amekaa siku tatu bila chakula cha mchana kwa ajili yangu. Ningekuambiaje sioni? Niliogopa utasema Mungu amekukataa. Nikadanganya neno moja. Kumbe neno lile lilikuwa na watoto. Baada yake likaja la kanisani, na baada ya la kanisani nikaona aibu kuonekana na dawa."

"Iko wapi?"

"Kwenye kopo la vifungo."

Sidi aliichukua chupa, akaifuta, akairudisha dirishani. Kisha akauliza swali alilokuwa akiliogopa. "Basi sikujibiwa kwa sababu imani yangu ni ndogo?"

"Hapana!" Nyanya alimvuta karibu. "Mimi nimeomba miaka sitini. Mengine nilipewa, mengine sikupewa, na sababu siijui. Nilimuomba Mungu babu yako apone, na nilimzika. Imani yangu siku ile haikuwa ndogo, Sidi. Ilikuwa kubwa kama ya kwako."

Jumatatu Chengo, baba yake Sidi, alipokwisha kuelezwa yote, alichukua ruhusa kazini, wakaenda kliniki ya macho. Daktari Zakiya alipima kwa muda mrefu. Nuru ya jicho la kulia ilikuwa imekwisha, alisema, na hakuna atakayeirudisha. La kushoto lilikuwa na iliyobaki, na wangeweza kuilinda. "Mngengoja miezi michache zaidi, tungezungumza mengine," aliongeza, akawaandikia dawa.

Jumapili Nyanya aliomba nafasi ya kusema. Sidi alimshika mkono, wakaenda mpaka mbele.

"Nilisimama hapa nikawaambia naona," alisema Nyanya. "Nilisema uongo. Nilidhani namsaidia Mungu, asiaibike mbele ya mjukuu wangu. Mungu hahitaji uongo wangu." "Watoto, nisikilizeni. Ombeni, tena kwa moyo wote. Lakini msimwambie mtu kwamba hakupona kwa sababu hakuamini vya kutosha. Mtu akiambiwa hivyo huficha ugonjwa wake, na ugonjwa uliofichwa hauna wa kuutibu. Semeni kweli mlivyo, na dawa mliyopewa mtumie."

Hapakuwa na vigelegele. Mwalimu Morris aliinuka. "Mama Chengo, nisamehe," alisema. "Sidi, nawe nisamehe. Nilikubebesha mzigo ambao mimi mwenyewe siuwezi."

Kesho yake asubuhi Sidi alimimina chai, na kidole cha Nyanya kilipumzika. Kisha akamwegemeza Nyanya kichwa nyuma, akadondosha tone moja katika jicho la kushoto.

"Daktari amesema ufumbe macho dakika mbili, dawa iingie."

"Dakika mbili zatosha kuomba," alisema Nyanya, macho yamefumbwa. "Omba wewe."

Sidi aliomba, tena kwa moyo wote kama mwanzo. Dakika zilipokwisha Nyanya alifumbua macho.

"Nyanya, waona?"

"Dirisha naliona," alisema Nyanya. "Wewe nakuona kivuli tu. Na leo umevaa nini, sijui."

"Sare," alisema Sidi.

Nyanya alinyoosha mkono, akapapasa kola, akapapasa vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho, ndipo akaamini.