Swali la Kando ya Ziwa la Nzilo

— Usiingie mu mayi! Tata, nakuomba, usiingie!

Mbelu alikuwa amemkamata mumewe mkono kwa mikono yote miwili, pale pale ukingoni mwa ziwa la Nzilo, mbele ya wanaume waliovaa kaptula na kutetemeka kwa baridi ya Juni. Wengine walicheka. Mke gani huyu wa kumwaibisha mume mbele ya kampuni nzima?

— Mbelu, niachilie. Batu banatuangalia.

— Baangalie. Niko na neno. Jana nilitaka kukuambia, kinywa ikakataa.

Tshilombo alikuwa na woga wake mwenyewe, na ulimtosha. Mpaka msimu wa mvua uliopita alikuwa shofa wa malori makubwa kwenye shimo la mgodi wa kampuni, mahali paitwapo Mashamba. Siku moja lori likateleza, likazama na yeye ndani, kwenye maji yaliyojaa chini ya shimo. Walimtoa akiwa hai, lakini tangu hapo akisikia tu maji yakimiminwa kwenye ndoo, jasho linamtoka. Wakubwa wakamnyang'anya usukani, wakampa ufagio wa karakana. Kambi nzima ya wafanyakazi ikamwita Shofa wa Ufagio. Ee Mungu, binadamu tuna midomo!

Rafiki yake Mwenze ndiye aliyemshika tumbo majini miezi mingi, akamfundisha kuogelea kama mtoto mchanga anavyofundishwa kutembea. Ndiye pia aliyemwandikisha kwenye mashindano haya mapya ya kampuni: kuogelea, halafu baiskeli, halafu kukimbia, bila kupumzika. Na mkubwa wa malori alikuwa ametamka mbele ya watu: "Akimaliza, hata awe wa mwisho, nitamurudishia lori."

— Sema upesi, alisema Tshilombo. Filimbi iko karibu.

Mbelu akainamisha kichwa.

— Kuna mwanaume alinigusaka. Mi na weye tulikuwa tumeshaoana. Sikukuambia.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana wengine mtasema mwanamke huyu ni kichaa. Kwao Kasai kuna mwiko, wanauita tshibawu. Mke akiguswa na mwanaume mwingine lazima aseme, mbele ya mume na ukoo, ndipo mambo yasafishwe. Akinyamaza, kifo kinakuja ndani ya nyumba: kitamchukua mtoto, au kitamngoja mume mahali pa hatari. Mbelu alikuwa amezika watoto wawili. Kisha maji ya Mashamba yakammeza mume, yakamtema. Moyoni mwake lile lilikuwa onyo la mwisho. Maji hayatemi mtu mara mbili.

— Nani? aliuliza Tshilombo. Midomo yake ilikuwa imekuwa myeupe.

Filimbi ikalia.

Wanaume wakajirusha. Tshilombo alibaki amesimama, akimtazama mkewe kana kwamba ni mtu aliyemkuta njiani. Halafu akageuka, akaingia majini.

— Tata!

Hakusikia. Cha ajabu, ule woga aliopigana nao miezi yote haukuwepo. Hasira ilikuwa imekaa kwenye kiti chake. Alipiga maji ovyo, akanywa mengine, akakohoa. Mwenze alikuwa kwenye mtumbwi wa ulinzi, anapiga kasia pembeni yake.

— Pole pole, ndugu! Toa pumuzi chini, kamata juu! Njo vile, ndiyo vile!

Alitoka majini wa mwisho kabisa, lakini alitoka. Watu wa kambi walipiga kelele. Yeye alielekea moja kwa moja kwenye baiskeli yake, na hapo alimkuta Mbelu ameshika taulo. Nyuma yake alisimama mama mzazi wa Tshilombo, Mama Mianda, uso umekunjamana. Alikuwa ameshasikia yote.

— Ni nani? Tshilombo alirudia, huku maji yanamchuruzika. Ni mutu wa hapa kambi?

— Hapana. Ni wakati wa vita, mu sabini na nane. Weye ulikuwa umefungiwa kule Mashamba na benzako ba kazi, hakuna njia ya kurudia. Batu ba vita balivunja mulango. Ule alinigusaka alikuwa na bunduki.

— Na haukulia, haukuita batu?

Mbelu aliikunjua taulo.

— Nyumba za kambi zinagusana, Tshilombo aliendelea, sauti inapanda. Jirani akikohoa tunasikia. Haukulia juu ya nini, sababu gani? Ulikubali?

Jamani, kuna maneno ambayo mtu akishayatoa, hata akiuza nyumba hawezi kuyanunua tena. Mbelu alimwekea taulo mabegani, akapangusa na kiti cha baiskeli kwa ncha ya kitenge chake, kwa sababu kilikuwa na umande.

— Arudie kwabo, alisema Mama Mianda. Mwana wangu, usilale tena na ule muke mu nyumba moya. Mificho yake njo ilikula bajukuu bangu.

Tshilombo alipanda baiskeli, akaondoka.

Barabara ya kwenda Kolwezi ilikuwa ya vumbi jekundu. Alikanyaga kama anayetaka kuvunja kitu. Akapita mmoja, akapita wa pili. Mwenze, ambaye kazi yake ya majini ilikuwa imekwisha, alimfikia na pikipiki ya waandalizi, akawa anakwenda sambamba naye.

— Iko nini na weye? Unalia?

— Ni vumbi.

— Vumbi gani? Mi nilimuona Mbelu kule. Sema.

Tshilombo akamwambia, kwa vipande vipande, akitweta. Akamwambia na swali aliloliuliza. Walipanda mlima mmoja, wakaanza kushuka.

— Ile siku lori yako ilizama, alisema Mwenze, mi nilikuwa pale juu. Batu mingi tulikuwa pale. Unajua hatukusikia kitu?

— Kitu gani?

— Sauti yako. Haukuita hata mara moya. Honi, haukupiga. Tulikuona tu mikono mu dirisha. Juu ya nini haukulia, weye mwanaume?

— Sauti ilikatala! Nilifungula kinywa, sauti ikakatala, Mwenze, unajua weye—

Baiskeli ikayumba.

— Na hakuna mutu alikuuliza kama ulikubali mayi, alisema Mwenze, akaongeza moto, akaenda zake mbele.

Sasa nikuambie ukweli, Tshilombo alipoweka baiskeli chini na kuanza kukimbia, lori halikuwa tena kichwani mwake. Alikuwa anakimbia kwenda kumwona mkewe. Malori ya kampuni yalikuwa yamewabeba watazamaji kuwarudisha mjini, Mbelu lazima yuko uwanjani, mbio zinapoishia. Miguu ilikuwa mizito, kifua kinawaka. Akawa anayapanga maneno: nilikosa, Mbelu, nilikosa, ilikuwa ni woga, ilikuwa ni haya. Akajikwaa, akaanguka, akachunika goti, akainuka. Alikuwa anatapika na kukimbia kwa wakati mmoja.

— Citoyens, citoyennes, bananchi bote! kipaza sauti kilipiga kelele. Muangalie! Shofa wa Ufagio anafika!

Uwanja ukainuka kumshangilia. Alivuka mstari akiwa anachechemea. Mkubwa wa malori alikuwa pale, anacheka, amenyoosha mkono.

— Kesho asubui, Mashamba! Lori yako inakungoja!

— Aksanti, chef, alisema Tshilombo, akampita.

Mbelu alikuwa amesimama karibu na lango, na furushi dogo la nguo alizopitia kuchukua nyumbani chini ya kwapa. Mama Mianda alikuwa kando yake, mikono kiunoni, anamlinda kama askari. Tshilombo akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya watu wote.

— Mbelu, unisamehe. Nilisema upumbafu. Twende ku nyumba.

— Mwana wangu, inuka! Mama Mianda alishtuka. Unapiga magoti ku muke wa tshibawu?

— Mama, nyamaza! Muke wangu haende fasi yoyote. Mbelu, kama ni kusafisha, tutafanya yote. Tutatafuta mbuzi, tutaita bakubwa, itaisha.

— Mbuzi ya nini? Mbelu aliuliza kwa upole. Mi njo muchafu?

Tshilombo alimshika pindo la kitenge.

— Nilikuwa naogopa ile swali miaka yote, alisema Mbelu. Usiku naisikia mu kichwa, kwa sauti ya mama yako. "Haukulia juu ya nini?" Njo mana nilinyamaza. Nilikuwa najisemea, mama ataniuliza, jirani bataniuliza, lakini Tshilombo hapana. Tshilombo ataniuliza kama niliumia. Ile tu njo ilinipa nguvu ya kuamuka asubui.

— Uliumia? alisema haraka, machozi yanamtoka. Mbelu, uliumia?

— Sasa njo unauliza?

Alisema hayo tu, bila hasira. Laiti angepiga kelele, ingekuwa nafuu. Mama Mianda mwenyewe alitazama pembeni.

— Sikukuambia ili unisamehe, tata. Nilikuambia juu usikufwe. Njo hii, haukufwa. Mi naenda Kisenge, kwa kaka yangu Kabongo.

Akaanza kwenda. Tshilombo alijaribu kuinuka amfuate, lakini mapaja yalikuwa yamekaza kama ubao. Akainuka nusu, akaanguka kifudifudi. Mkubwa wa mashindano aliyekuja na medali akamvika palepale chini, na watu wakapiga makofi kwa nguvu zaidi, wakidhani ni uchovu wa shujaa.

Mbelu aligeuka. Alimtazama akigaagaa, akapiga hatua mbili kumrudia. Kisha akasimama, akamwita Mwenze aliyekuwa anakuja mbio.

— Mupe mayi ya sukari, ndugu. Kidogo kidogo, tumbo yake haikamate mayi mingi. Na umufunike mugongo, baridi itamuingia.

Akapanga vizuri furushi lake, akatoka langoni.