Bibi Mgongoni, Alama Nne

Mashine ya kuchezea gemu ilikuwa imetoweka, lakini nyaya zake zilikuwa palepale mezani, zimekunjwa vizuri na kufungwa utepe.

Inspekta alizitazama nyaya hizo kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene kuliko umbo lake. Polisi wenzake walimwita Sindano tangu siku aliposhona kifungo cha sare yake ndani ya gari lililokuwa likifukuza wezi, tena bila kujichoma.

"Mwizi gani anakunja nyaya?" aliuliza.

"Mwizi mstaarabu, afande," alijibu koplo, mwanamume mwenye kitambi na haraka ya kukamata watu. "Na tayari tunaye. Nimempeleka kituoni na pingu zake."

"Ngoja kwanza. Hii nini?"

Juu ya runinga kubwa palikuwa na diski. Ilikuwa inang'aa, haina hata vumbi.

"Hiyo ndiyo gemu yenyewe," alisema mhariri wa jarida, mtu mwembamba aliyekuwa akijifuta jasho kwa ncha ya tai. "Bibi Mgongoni. Haijaanza kuuzwa popote duniani. Kuna watu wangeiba diski hii kabla ya kuiba dhahabu."

"Lakini mwizi wetu kaiacha, kachukua mashine."

"Kaiacha, afande."

Inspekta aliinama kuitazama diski kwa karibu. Miaka yote ya kazi, hakuna kilichomfurahisha kama mwizi aliyechagua kitu cha bei rahisi.

Mhariri alimweleza kazi yao. Jarida lao lilichambua michezo ya video na kuipa alama, moja hadi kumi. Mchezo uliopata tisa ulinunuliwa kama maji ya baridi wakati wa jua kali. Uliopata nne ulikufa, na kampuni yake mara nyingi ilikufa nao.

"Sheria yetu ni moja," alisema. "Hatoi alama mtu ambaye hajaona mwisho wa gemu. Jioni tunarusha kipindi moja kwa moja. Mchambuzi anafungua mashine yake mbele ya watazamaji, wanaona alikofika, anacheza kipande cha mwisho, ndipo anataja alama."

"Na mashine ndiyo haipo. Leo itakuwaje?"

"Leo atataja alama tu. Mchambuzi wetu mkuu ni Hakimu, ndivyo tunavyomwita, afande! Hapa jengoni hakuna anayemuuliza Hakimu. Amempa gemu hii nne."

"Na huyo mliyemkamata?"

"Mtunzi wa gemu hiyo," koplo alidakia. "Asubuhi kasikia kwamba kapewa nne, kaja hapa anafoka kama sufuria ya uji. Wote wamemsikia akisema, 'Leo hamtangazi alama hiyo!' Saa ya chakula cha mchana mashine ikapotea. Alama za vidole vyake ziko mlangoni na mezani. Kesi imekwisha, afande, tukale."

"Na mimi jioni nitawatangazia watazamaji," alisema mhariri. "Wana haki ya kujua kwamba mtunzi ni mwizi."

Inspekta alimgeukia. "Ukishasema hivyo hewani, mchezo wake ataucheza nani?"

Mhariri alijifuta jasho tena.

"Basi tusubiri jioni tuone nani mwizi," alisema Inspekta.

* * *

Hakimu alikuwa amekaa ofisini mwake, mwanamume wa makamo mwenye miwani na suti safi, mikono ikiwa mifukoni. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni. Chai ilikuwa imeshaganda utando.

"Mzee, ulikuwa wapi mchana?"

"Hapa. Nasoma hotuba yangu ya jioni."

"Gemu uliimaliza?"

"Binti yangu, mimi humaliza kila gemu."

"Ikoje?"

Hakimu aliegemea kiti. Hapo alichanua, kwa maana mtu akiulizwa kazi yake hata homa humtoka. "Msichana anambeba bibi yake mgongoni kuvuka milima. Wazo zuri, picha nzuri. Bibi ana maneno, ukiyumba anakugombeza. Lakini kuna daraja la kamba. Linatikisika lenyewe! Hujagusa kitu, linatikisika. Kosa la ufundi la aibu. Mimi nililivuka kwa uzoefu tu, mtu wa kawaida hawezi. Ndiyo maana nne."

"Na baada ya daraja kuna nini?"

"Jangwa," alisema Hakimu. "Jua linazama, muziki, mwisho. Ya kawaida tu."

"Kunywa chai yako, mzee, imeshapoa."

"Nitakunywa baadaye."

Inspekta alitoka. Ukutani, kwenye korido ndefu, zilibandikwa picha za michezo yote ya mwaka ule na alama zake. Alitembea akizisoma kwa sauti, koplo akimfuata nyuma na tumbo lake likinguruma. Mashindano ya magari, tatu. Ngumi, nne. Mpira wa miguu, tatu na nusu. Mafumbo, tisa. Ukulima, tisa na nusu. Hadithi ya kutisha, ile ya kuchagua majibu polepole, kumi.

"Hakimu hapendi mbio?" alimuuliza mhariri aliyewafuata.

"Zamani ndizo alizozipenda. Alikuwa bingwa wa gemu za ngumi, vidole vyake huvioni kwa kasi! Mwaka huu amekuwa mkali tu."

"Gemu zote hizi kazihukumu yeye?"

"Zote."

Inspekta alipiga mluzi mdogo. "Koplo, twende kituoni. Chukua na begi la mtuhumiwa."

* * *

Mtunzi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, lakini mgongo umenyooka.

"Sikuiba," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulisema nini pale koridoni? Maneno yako yote, si nusu."

"Nilisema, 'Leo hamtangazi alama hiyo mpaka mfungue mashine yake tuone alikofika!'"

Inspekta alimgeukia koplo polepole. Koplo aligundua kitu cha kuvutia sana kwenye dari.

"Koplo, mtu anayedai mashine ifunguliwe ataiiba ya nini?"

"Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza, afande."

"Na Hakimu alikuwepo?"

"Alisimama mlangoni mwake," alisema mtunzi. "Hakusema neno. Nilimwambia, mzee, daraja langu halitikisiki lenyewe. Ile padi ya kuchezea inahisi mkono. Mkono ukitulia, daraja linatulia. Mkono ukitetemeka, daraja linatetemeka. Ndiyo gemu yenyewe! Umembeba bibi yako, lazima utulie."

Inspekta alikumbuka kikombe kilichojaa hadi ukingoni, na mikono iliyokaa mifukoni muda wote wa mahojiano. Alifurahi, akaona aibu kidogo kwa furaha hiyo.

Lakini dhana si ushahidi. "Nakala nyingine unayo?"

"Ndani ya begi langu mlilolichukua, pamoja na mashine yangu."

"Koplo, leta begi. Leta na runinga ya mapokezi."

"Afande, mkuu anatazama mpira..."

"Mwambie ni kielelezo."

Inspekta hakuwahi kucheza mchezo wa video maishani. Aliishika padi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Hatua ya kwanza tu akamwangusha bibi kwenye matope.

"Taratibu wewe!" bibi alifoka ndani ya runinga. "Mimi si gunia!"

Koplo alicheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilimleta konstebo mmoja, konstebo akaita wenzake, na baada ya muda mlango ulijaa vichwa. Mtunzi alimwelekeza, kulia, juu, pumzika. Njia ya mlima ilipanda, ikashuka. Bibi aligomba, akasinzia, akaamka, akadai apewe heshima yake. Mwishowe likatokea daraja, kamba nyembamba juu ya bonde lenye ukungu.

"Hapo sasa," mtunzi alinong'ona.

Inspekta alishusha pumzi. Jaribio la kwanza alipiga chafya, wakaanguka. La pili koplo alimshika bega, wakaanguka tena, na koplo akaamriwa asimame kando ya kabati. La tatu alianza kutembea. Hatua, kimya. Hatua, kimya. Daraja lilikuwa limetulia tuli kama sakafu.

"Usipumue, afande!"

"Nyamaza wewe!"

"Kabakiza kidogo! Kabakiza kidogo!"

Mguu wa msichana ulipogusa ng'ambo, kituo kililipuka. Kofia zilirushwa. Mkuu wa kituo mwenyewe, aliyekuja kulalamikia runinga yake, alijikuta akimkumbatia konstebo.

Kisha makelele yakazimika yenyewe. Ng'ambo ya daraja hapakuwa na jangwa. Palikuwa na njia ya mawe na taa moja. Bibi aliomba ashushwe chini. Akajinyoosha kiuno, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akihema, kisha akainama na kumpa mgongo.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Sasa panda wewe."

Koplo alijipangusa pua kwa mkono wa shati. Hakuna aliyemcheka.

"Mfungue pingu huyu," alisema Inspekta.

* * *

Walipofika kwenye jarida, taa za studio zilikuwa zimeshawashwa na mhariri alikuwa anatembea huku na huko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakimu alikaa mbele ya kamera ambazo bado hazijawashwa. Alipomwona mtunzi bila pingu, akaitazama saa ya ukutani.

Inspekta alivuta kiti, akaweka padi mezani.

"Mzee, nishikie hii."

"Ya nini?"

"Ishike tu."

"Nina hotuba ya kusoma."

"Nimevuka daraja, mzee. Mimi, ambaye sijui hata kuweka saa ya simu. Halitikisiki. Na ng'ambo hakuna jangwa."

Hakimu alirudisha kiti chake nyuma kwa mguu.

"Mwizi wa kweli angechukua diski, huyu kaiacha. Kachukua mashine, kwa sababu mashine ndiyo inayoonyesha ulikokwama. Umekwama darajani, na alama umeshatoa. Mtunzi alipodai ifunguliwe, ukajua jioni hii watazamaji wote wataona. Ukaichukua saa ya chakula. Lakini mazoea yana taabu. Nyaya umezikunja, kama mtu anayezipenda mashine hizi. Iko wapi?"

"Afande, unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Basi toa mikono mifukoni, nikuombe radhi."

Ilichukua muda. Kwanza mkono mmoja, kisha wa pili. Aliilaza mezani, na kikombe cha maji kilichokuwa karibu kikaanza kuimba kwenye kisahani chake. Mhariri alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Iko kwenye kabati la mashine mbovu," alisema Hakimu. "Nimeibandika karatasi ya 'mbovu'."

Koplo alitoka mbio, akarudi ameikumbatia. Mchana ule ule alikuwa ameliegemea kabati hilo akiandika maelezo ya mashahidi.

"Tangu lini, mzee?" aliuliza Inspekta, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka.

"Mwaka. Daktari alisema ugonjwa huu hautarudi nyuma, utaenda mbele tu. Nikaanza kuchagua zile za polepole, zile ninazoweza. Za mbio nilicheza mwanzo wake, nikaishia hapo, nikazipa tatu. Kila nilipoanguka nilisema gemu ndiyo mbaya." Alimtazama mtunzi kwa mara ya kwanza. "Nilikupa nne wewe, na nne ilikuwa yangu. Walipokukamata nikawaambia polisi sikuona kitu. Nilijua, na nikanyamaza. Ningekuwa nani bila kiti hiki? Nyumbani hata kifungo anafunga mke wangu."

"Ungenyamaza hata ningefungwa?" aliuliza mtunzi.

Hakimu alifikiri, na angalau hapo hakudanganya. "Sijui, binti yangu. Naogopa ndiyo."

Inspekta alimsomea makosa yake, wizi na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Alikubali yote kwa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ng'ambo kuna nini?"

"Sikuambii," alisema mtunzi.

Ilionekana kama yameishia hapo. Lakini mtunzi alivuta mashine, akaunganisha nyaya, akafungua ukurasa wa msaada, ule ambao hakuna mchambuzi mwenye jina anayeufungua, maana kwao kuomba msaada ni kama kukubali kushindwa. Katikati ya ukurasa paliandikwa: MIKONO INAYOTETEMEKA.

"Mtu wa kwanza kuijaribu gemu hii alikuwa bibi yangu mwenyewe," alisema. "Mikono yake ilikuwa kama yako, mbaya zaidi. Kila siku alianguka, kila siku alinigombeza. Basi nikamtengenezea hii. Ukibonyeza hapa, daraja linakusubiri. Ungefungua ukurasa huu tu, mzee. Au ungeuliza."

Hakimu aliyatazama yale maandishi, midomo ikicheza bila sauti.

Inspekta alitazama saa, kisha akamtazama koplo, kisha akavuta kiti chake nyuma. "Sheria haitakimbia. Vuka, mzee."

Alivuka. Ilikuwa kazi, padi ikigongagonga ukingo wa meza, koplo akisema "polepole, polepole mzee wangu" kama vile si yeye wa kumpeleka mahabusu. Daraja lilimsubiri kila hatua. Bibi alisinzia mgongoni hadi ng'ambo, akaomba ashushwe, akajinyoosha kiuno, akainama.

"Umechoka, mwanangu. Sasa panda wewe."

Hakimu alilia waziwazi, studio nzima ikimtazama. Mhariri alimsogelea, kwa mazoea tu, akauliza, "Alama ngapi, mzee?"

"Mpe mtu mwingine aicheze. Mimi si mchambuzi tena."

Akaweka padi chini, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya watu, ikitetemeka bila kufichwa, na koplo ikambidi aishike kwanza kwa mikono yake mwenyewe ndipo pingu zikaingia.