Aliyeitika Mwisho wa Wimbo

Mmeshaanza tena. Mtu hajamaliza hata kuchambua dagaa wake, mnamkalisha chini asimulie habari za Odeta, kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Haya. Lakini mwoga aondoke sasa, asije akaniamsha baadaye nimsindikize chooni.

Jambo lenyewe lilianza kidogo tu. Evelina aliitwa, na pale hapakuwa na mtu wa kumwita.

Huyu Evelina ndiye aliyekuwa na sauti katika kwaya yao ya Mirongo. Mama mmoja wa Kijerumani alimfundisha nyimbo za kwao, za zama zile walipokuwa bado wana boma hapa. Si za kanisani, ni za sebuleni: mmoja anaimba, mwingine anapiga piano. Nyimbo za mwezi, za maji, za mwanamke anayemngoja mtu asiyekuja. Chuo cha muziki cha huko kikasema, turekodieni, tukiipenda sauti, mwenye sauti aje asome. Evelina hakuwa na shamba wala mume. Alikuwa na koo.

Piano alipiga Odeta. Hawa walinyonya ziwa moja. Mama yake Evelina alifia uzazini, na Roza, mama yake Odeta, akampakata huyu kulia na huyu kushoto. Akawafundisha wote neno moja la watu wa ziwani: "Ukiitwa na usiyemwona, ngoja uitwe tena. Jini haiti mara mbili mfululizo. Lakini ukimwitikia, umekubali."

Walirekodia katika ghala la zamani la pamba, la mawe, chini ya miamba ya ufukweni, kwa kuwa sauti ilivuma vizuri mle. Fundi mitambo alikuwa Mashimba, mchumba wa Odeta.

"Wimbo ukiisha, mtu asitikisike," aliwaambia. "Piano ina mkia. Nautaka wote, mpaka unyamaze wenyewe."

Ndipo katika ule mkia Evelina akageuka.

"Nani ameniita?"

"Umeuharibu," alisema Mashimba. "Hakuna aliyekuita."

Akarudisha nyuma wasikilize. Wimbo ukaisha, piano ikafifia, na kwenye hedifoni sauti ya mwanamke, nzito, kama ya mtu aliyeinamia mtungi, ikasema: Evelina.

"Wavuvi hao," Odeta akanong'ona.

"Wavuvi wamejuaje jina langu?"

"Usiitike tu, dada. Tumalize."

Wakamaliza, lakini kila wimbo ulipoisha harufu ya magugu maji yaliyooza ilipanda kutoka sakafuni, na jina likaitwa mara moja tu, kwanza kutoka mlangoni, kisha nyuma ya piano, kisha karibu na shingo ya Evelina, naye akaubana mdomo, hakuitika.

Mashimba akasema ataisafisha ile sauti. Alichosafisha ni kingine.

Siku ya kuwasikilizisha wageni wa chuo, mchana kweupe, Evelina alifika ukumbini akakuta bango mlangoni. Mwimbaji: Odeta. Piano: Evelina.

"Odeta, mimi napiga piano tangu lini?"

"Dada, usianzishe mambo mbele ya wageni." Odeta alikuwa amevaa gauni jipya. "Wewe watu wanakusikia kila Jumapili. Mimi nani amewahi kunisikia?"

"Na huko wakikwambia imba?"

"Nitajifunza. Koo ni koo."

Evelina akamtazama Mashimba. Mashimba akainamia nyaya zake kama kuku anayetafuta punje. Akamtazama Mama Roza, aliyekaa mbele na kitenge cha sikukuu.

"Mama, ulijua?"

Roza alikunja pindo la kitenge, akalikunjua. "Mwachie mwenzio, mwanangu. Wewe Mungu alishakupa."

Hapo ndipo Evelina alipojua ziwa alilonyonya lilikuwa la kuazimwa. Akakaa. Angeenda wapi?

Nyimbo zikapigwa kutoka kwenye rekodi. Wageni walifumba macho, mmoja akafuta chozi. Wimbo wa mwisho ukaisha, piano ikavuta mkia wake, na ukumbini ikaingia ile harufu. Kisha spika zikasema, polepole: Odeta.

Jina lilikuwa limebadilishwa, na jini lilikuwa limesoma bango kama wengine.

Evelina akamshika mwenzake mkono. "Usiitike. Nakuomba. Ngoja aite tena."

"Wivu utakuua," Odeta akanong'ona. Wageni walikuwa wanamtazama, wanatabasamu, wakidhani anaitwa jukwaani. Akasimama, akanyoosha gauni.

"Abee."

Spika zikazima. Kutoka penye spika hadi kwenye kiti chake, sakafu kavu ikaota nyayo za maji, moja baada ya nyingine, zikaja zikasimama mbele yake, na gauni jipya likaanza kulowa kuanzia chini.

Kule nyumbani kwao Kiseke hawakupumzika tena. Odeta akiwa jikoni, "Abee." Akiwa na tonge mdomoni, "Abee." Hakuna aliyesikia akiitwa, ila kila alipoitika alisogea hatua moja upande wa ziwa, na usipomkamata hasimami.

Ikabidi waende kimyakimya Kamanga, ng'ambo ya maji, kumleta Mhoja, mganga, ingawa ni watu wa kanisa. Yule bibi alimnusa, akatema mate.

"Aliyeimba aliliita jini. Likataka kujua ni nani, mkaliandikia Odeta. Likaita, likaitikiwa. Nitalitoa nyumbani, lakini haliondoki mikono mitupu. Litaenda na jina. Kuanzia leo huyu asiitike tena akiitwa Odeta, aite nani, aite vipi. Akiitika, linamchukua mzima."

Likatoka. Rekodi ikafutwa, na nafasi ya Evelina ikafutika nayo. Mashimba alihama mji bila kuaga. Odeta hakuna anayethubutu kumpa jina jingine, jini lisije likalijua nalo. Kiseke nzima wanamwita Wewe.

Mwaka jana Mama Roza alilala kitandani, anakufa. Macho yalikuwa yameshazima. Evelina alikuwa amemshika mkono, maana alikuja, pamoja na yote. Yule mwingine alikaa uani, nyuma ya dirisha.

"Odeta," Roza akaita.

Evelina akageukia dirishani.

"Odeta, mwanangu."

Akaita mara ya pili, na ya tatu, na kule uani Wewe akajua sasa kwamba si jini, ni mama yake, kwa sababu jini haiti mara mbili. Akajaza mdomo kanga, akaiuma mpaka mama alipoacha kuita.