Nywele kwenye Kanga

Rafiki yangu Ndeshi wa Olasiti alikuwa amefura kwa hasira. Kesho shule inafunguliwa, mwenye nywele anafukuzwa getini, na mjukuu wake Violet kang'ang'ania gemu la Kijapani kwenye simu, la wasichana wa shule wanaosaka mizuka.

"Njoo nikunyoe!"

"Bibi, subiri, kuna mzuka mmoja wa kisimani analia."

"Na wewe utalia sasa hivi!"

Umeme ukakatika, na simu ile, betri bovu isiyokaa bila chaja, ikazima nayo. Ndeshi akakidaka kichwa gizani, akakata kwa mkasi, kwachu, kwachu. Kilio kikazidi.

"Lia tu! Kesho unaenda shule!"

Taa zilipowaka, Violet alikuwa mlangoni, nywele zake hazijaguswa. Kanga ya Ndeshi ilijaa nywele ndefu zilizonyooka, zinachuruzika maji.