Muhogo Uliofichwa Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi Esha alitoka na jembe begani kabla jua halijawa kali. Shamba lake lilikuwa Kikoneni. Alipanda mahindi na kunde, lakini chakula hasa cha nyumba yake kilikuwa muhogo. Uhuru ulikuwa umekwisha kuja. Shule ilijengwa, barabara ikatengenezwa. Muhogo wa Esha tu ndio uliokataa maendeleo.

Majani yake yalikunjamana na kuingia madoa ya manjano. Ukiling'oa shina, unapata mizizi myembamba kama vidole. Ugonjwa huo watu waliuita batobato. Kwa misimu miwili watoto wa Esha walilala nusu shibe, na jambo hilo lilimuuma sana mama yao.

Siku moja akaja kijana aitwaye Jefwa, mtafiti wa Chuo Kikuu kule Nairobi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta dawa?"

"Sina dawa, mama. Nina mbegu ya muhogo. Tunadhani haishikwi na batobato. Lakini hatujui bado."

Esha akacheka. "Mmesoma kote huko, na hamjui?"

"Ndiyo maana tunafanya utafiti," Jefwa akajibu, naye akicheka. "Mimi nina swali. Nimeliandika, na mwalimu anayenisimamia amelichambua. Kisha limepelekwa kwa kamati ya utafiti ya chuo. Kamati iliuliza: Swali hili litamfaa nani? Je, litamdhuru mtu? Waliridhika, na chuo kimenipa fedha za kazi, gari la kunifikisha huku, na maabara ya kupimia majani. Lakini shamba ni lako. Ukikataa, nitakwenda zangu kwa heri."

"Na nikikubali?"

"Mavuno ni yako. Mwakani kamati itakuja kutazama. Wakiona kazi ina maana, itaendelea, na mbegu ikithibitika mtagawiwa wote. Wasipoona maana, itafungwa."

Esha alimtazama mumewe, Waziri. Waziri akatikisa kichwa kukubali.

Wakapanda mistari ya mbegu mpya. Kando yake wakapanda mistari ya mbegu ya zamani ya Esha. Udongo mmoja, siku moja, palizi moja. Mvua ikanyesha vizuri. Mbegu mpya ikasimama, kijani kitupu. Mbegu ya zamani ikajikunja kama kawaida yake.

Siku ya wageni ikafika. Na hapo ndipo ustaarabu ulipomponza Esha. Kwao mgeni haonyeshwi kibaya. Mgeni hutandikiwa mkeka mpya na hupewa kikombe kisicho na ufa. Sasa yeye awaonyeshe wasomi wa Nairobi muhogo uliojikunja? Haiwezekani! Alfajiri alimwita wifi yake, Chiku. Wakang'oa mistari mibaya yote, wakaificha nyuma ya jiko, mizizi na mashina pamoja. Kisha wakalifagia shamba kama ua wa arusi.

"Hapo sasa!" alisema Chiku, akijifuta jasho. "Waje!"

Jefwa alitangulia kufika. Alipoona shamba, akasimama kama aliyepigwa ganzi.

"Mama Esha, ile mistari mingine iko wapi?"

"Usihofu, mwanangu," Esha akamwambia kwa furaha. "Nimekusitiri."

Jefwa akaketi juu ya tuta, akashika kichwa.

"Mama, mwaka huu mvua imekuwa nzuri. Wageni wataniuliza: 'Umejuaje kwamba muhogo huu umestawi kwa sababu ya mbegu? Pengine ni mvua tu.' Ile mibaya ndiyo ingenijibia. Ilipata mvua ile ile na udongo ule ule, na bado ikaugua. Sasa nitalinganisha na nini?"

Tabasamu la Esha likafifia. "Kwani wanaweza kuifunga kazi?"

"Wanaweza. Na mbegu haitarudi Kikoneni."

Mara honi ya gari ikalia njiani. Wageni wakashuka, mbele yao mwenyekiti wa kamati, mzee wa miwani. Esha aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kunyamaza. Lakini lawama zingemwangukia Jefwa, na watoto wangerudia vile vidole vya muhogo. Akajikaza.

"Karibuni, mabwana. Kabla hamjaketi, nina neno. Huyu kijana hana kosa. Mimi ndiye niliyewaficha muhogo mbaya."

Akawapitisha pembeni mwa mkeka mpya na mahamri ya moto, akawapeleka moja kwa moja nyuma ya jiko. Mwenyekiti akachuchumaa mbele ya rundo. Akashika shina moja, akaligeuza. Ghafla akapiga makofi.

"Mizizi bado ipo! Jefwa, lete mizani!"

Basi pakawa na shughuli! Majirani wakajaa. Walihesabu mashina ya rundo, wakapima mizizi yake. Haikujaza hata kikapu kimoja. Kisha wakang'oa mashina ya mbegu mpya, idadi ile ile. Kikapu cha kwanza kikajaa. Cha pili kikajaa. Waziri akakimbia kwa jirani kuazima kingine, nacho kikajaa. Chiku akapiga vigelegele. Jefwa aliandika kila kipimo.

"Mama," mwenyekiti akasema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Utafiti nao ni vivyo hivyo. Kibaya huandikwa sawasawa na kizuri, ama sivyo tunajidanganya. Ahsante kwa kusema kweli."

"Basi mmekwisha kuamini?" Esha akauliza.

"Bado!" Mwenyekiti akacheka. "Shamba moja halitoshi. Ndiyo maana chuo kilimtaka Jefwa apande vile vile Msambweni na Majoreni. Kesho tunakwenda huko. Majibu yakiwa mamoja, hapo tutaamini."

Majibu yakawa mamoja. Kamati ikaongeza mwaka mwingine wa kazi. Jefwa alirudi Kikoneni akasoma matokeo barazani, kwa Kiswahili, kila mtu akasikia. Vijiti vya mbegu mpya vikagawiwa, na nyumbani kwa Esha muhogo wa nazi ukapikwa hadi watoto wakasukuma sahani wenyewe.

Mwaka uliofuata wageni walikuja tena. Safari hii mistari ya muhogo wa zamani ilikuwa imesimama pale pale ilipopandwa, kando ya njia, imejikunja vibaya kuliko mwanzo.

"Wifi, aibu!" Chiku alinong'ona. "Watauona!"

Esha alikuwa amekwisha kutoka mbio kuwalaki wageni garini.

"Karibuni, karibuni! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Chai ipo, mahamri yapo. Lakini kwanza piteni huku, niwaonyeshe muhogo wangu mbaya."